Nilivyosafisha Nyumba Watu Wakaja Kulia

Pale mtaani Ngokolo, Shinyanga, watu wachache sana wananijua kwa jina la Swaleh. Wengine wote wananiita Mzee Stoo. Jina hilo nililipata kazini, kwa sababu nilikuwa mtunza stoo wa kinu cha kuchambua pamba tangu nikiwa kijana mwenye nywele. Nilipostaafu nilirudisha funguo, koti la kazi na kiti. Tabia walisahau kunidai, nikaondoka nayo.

Stoo ya kinuni ilikuwa na maana yake. Mkanda wa mashine ukikatika, fundi alikuja kwangu, nami nikampa mwingine. Stoo ya nyumbani haikuwa na maana yoyote isipokuwa mimi mwenyewe. Chumba cha uani, ambacho mke wangu Zamoyoni alitaka kiwe cha wageni tangu siku tulipoezeka bati, kilianza kwa kupokea baiskeli moja mbovu. Nikaona baiskeli peke yake ina upweke, nikailetea matairi. Matairi yakaleta pampu ya maji iliyokuwa imenyonya mchanga. Halafu likaja kabati lisilo na milango, na baada ya muda ikaja milango ya kabati jingine kabisa. Palikuwa na ndoo zisizo na vishikio, na vishikio ambavyo ndoo zake sikuwahi kuzijua. Palikuwa na mafeni mabovu ambayo niliamini siku moja nitayakusanya niunde feni moja nzima, mwanangu aninunulie umeme wa kutosha, nipigwe upepo kama mkurugenzi.

Wala havikuwa vyangu peke yangu. Sifa zilipoenea kwamba kwa Mzee Stoo hakipotei kitu, watu wakaanza kuniletea vyao. Mihayo, mwenyekiti wetu wa mtaa, aliniachia viti vya plastiki ambavyo kila kimoja kilikuwa kimepungukiwa mguu. Mama Noela, jirani yangu tunayetenganishwa naye kwa ua tu, aliniachia masufuria makubwa ya shughuli, maana kwake panya walikuwa wanazaliana humo. Na Bujiku, tuliyefanya naye kazi kinuni, ambaye baada ya kustaafu alikwenda Geita kutafuta dhahabu, alirudi kwao Kolandoto bila dhahabu ila na gunia la gololi za karasha. Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na gololi ni vyuma vya mviringo, ukubwa wa chungwa, vinavyozunguka ndani ya pipa lake vikiponda mawe. Bujiku aliomba nimhifadhie gunia lake kwa wiki moja. Mjukuu wake aliyezaliwa wakati ule sasa anasoma shule ya msingi.

Zamoyoni hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa anapita uani, anautazama mlango wa kile chumba, halafu ananitazama mimi, kama mtu anayelinganisha bidhaa mbili za kiwanda kimoja.

Mwaka huu binti yetu Amira alijifungua mtoto wa kiume. Yeye na mumewe wanaishi Geita, wana duka la vipuri vya pikipiki. Zamoyoni alikwenda kumhudumia, akaniachia nyumba, mafuta ya kupikia, na maagizo mengi ambayo niliyasahau basi lilipokata kona. Ilipofika mwezi wa Shaabani akanipigia simu kwamba wanarudi wote, yeye, Amira na mtoto, ili Amira amalizie arobaini yake nyumbani na Ramadhani iwakute huku.

"Baba Amira," akasema, "mtoto atalala chumba cha uani. Kiwe kitupu. Mtoto hawezi kulala na matairi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Niliongea kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kazi na sasa anafuta jasho. Nilikuwa nimelala kwenye kochi.

Kesho yake nilianza kweli. Lakini mtunza stoo hatupi kitu, anapanga. Nikatoa vitu mlangoni nikavigawa mafungu: vya kutupa, vya kubaki, na vya kufikiria. Hadi adhuhuri fungu la kufikiria lilikuwa limefunga njia ya kwenda chooni, na fungu la kutupa lilikuwa na kandambili moja ya mguu wa kushoto. Nayo niliiangalia sana kabla ya kuiacha. Mnunuzi wa chuma chakavu akapita na toroli lake akipiga kengele, nikatoka mbio na rimu ya baiskeli nimuuzie. Nilirudi na rimu yangu pamoja na bomba lake, kwa sababu lilikuwa bomba zuri na yeye hakuonekana kulithamini. Jioni nikarudisha mafungu yote ndani, safari hii yakiwa yamepangwa, na chumba kikajaa kuliko kilivyokuwa asubuhi.

Nikaendelea hivyo mpaka Zamoyoni akapiga tena kuniambia kwamba keshokutwa wanapanda basi. Akauliza chumba kikoje. Nikamjibu kwa kifupi kwamba kipo, nikakata simu. Hilo nalo halikuwa uongo, chumba kilikuwepo.

Basi kesho yake baada ya sala ya alfajiri nikaja na mpango mpya, mpango wa mtu aliyebanwa. Niliona kosa langu lilikuwa kukosa nafasi ya kufanyia kazi. Nikaamua kutoa kwanza vitu vyote vya sebuleni, nivipange nje mbele ya nyumba, ili sebule ibaki wazi na mimi nipate mahali pa kuchambulia vitu vya uani kwa utulivu. Nikatoa makochi. Nikatoa viti na meza. Nikakunjua mikeka yote ya nyumba nikaitandika chini, kwa ajili ya vitu vidogovidogo visije vikapotea kwenye vumbi. Nikakumbuka turubai moja kuukuu la kinuni, ambalo lilikuwa linanuka panya, nikaona jua hili la Shinyanga lisipotee bure, nikalifunga kutoka kwenye mti wa mpapai hadi kwenye nguzo za kamba ya nguo lianikike. Lilikaa vizuri, likatupa kivuli kizuri juu ya makochi na mikeka.

Msomaji ameshaona nilichokuwa nimekifanya. Mtaa mzima ulikiona. Ni mimi peke yangu, niliyevibeba vitu vile kwa mikono yangu, ambaye sikukiona. Nilisimama barabarani nikatazama kazi yangu, nikaridhika, nikaweka simu yangu kwenye kochi isije ikaanguka kutoka mfukoni, nikaenda uani.

Mara nilipoingia chumbani, mashine ya kukoboa mpunga ya nyumba ya nyuma ikawashwa. Ile mashine ikinguruma, hata wewe mwenyewe husikii unachowaza. Nikaanza na kabati, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele. Nikalivuta. Halikuja. Nikalivuta kwa nguvu ya kijana, nguvu ambayo sina, likaja lote pamoja na vilivyokuwa juu yake. Niliruka pembeni. Kabati likalalia mlango na kuufunga, na chini yake lile gunia la Bujiku likapasuka. Gololi zikatawanyika chumba kizima, zikagonga ukuta zikarudi, na kadhaa zikajipenyeza kati ya kabati na mlango zikakwama pale barabara kama zimechomelewa. Na mlango wenyewe unafungukia ndani.

Nilisukuma, nikavuta, nikaita. Nilimwita Mama Noela, nikamwita Mihayo, nikawaita hata watu nisiosalimiana nao. Mashine ikanijibu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kile chumba kina dirisha, ila lilikuwa upande wa pili, nyuma ya kila kitu nilichowahi kukipenda. Kulifikia kulihitaji kuhamisha vitu vyote, na kuhamisha vitu vyote ndiyo ile kazi iliyokuwa imenishinda wiki nzima. Nikaketi juu ya tairi. Naona aibu kusema nilichofanya baada ya hapo. Nilianza kuchambua skrubu.

Jua likapanda, bati likaanza kuchoma. Kisha umeme ukakatika, kama unavyokatika, na mashine ikanyamaza. Nikafungua mdomo niite tena. Lakini kabla sijatoa sauti nikasikia kilio.

Kilikuwa kilio cha wanawake, tena karibu. Chini ya kilio nikasikia wanaume wakiongea kwa sauti ya chini, na hapo hapo nje ya dirisha langu, kwenye uchochoro wa kwa Mama Noela, nikasikia kuni zikivunjwa na sufuria kubwa ikitegwa kwenye mafiga. Nikasema inna lillahi. Nikajua jirani yetu mmoja amefariki, na nikaanza kuwapitia wagonjwa wa mtaa mmoja mmoja nikitafuta ni nani. Nikaona haya kupiga kelele za kabati watu wakiwa na msiba. Nikavua kofia yangu nikaipangusa vumbi ili nikitoka niende moja kwa moja kukaa na wenzangu. Na kusema kweli, niliudhika kidogo. Msiba uko karibu hivi, watu wamejaa, na hakuna hata mmoja aliyeona vyema kunijulisha.

Ndipo nikamsikia Mihayo. Ana sauti ya mikutano, haijui kunong'ona. Alikuwa amekuja uchochoroni kuwaambia wanawake wapike kiasi gani, na mwanamke mmoja aliyekuwa ndio kwanza amefika akamwuliza marehemu ni nani.

"Mama Amira," Mihayo akasema. "Amefia huko huko Geita alikokwenda kumwangalia mzazi. Mzee Stoo ametoa vitu nje alfajiri, akaondoka. Hata simu hapokei."

Nimejizoesha kujicheka, na hadithi hii nimeisimulia mara nyingi watu wakicheka. Hapa huwa napita haraka, kwa kuwa hapakuwa na kichekesho. Niliamini. Sikujiuliza Mihayo amejuaje, wala kwa nini nimesikia kwake na si kwa binti yangu. Simu yangu ilikuwa nje, sijaigusa tangu alfajiri, na jana yake nilikuwa nimemkatia mke wangu simu ili asiniulize habari za chumba. Ilinijia kwamba neno la mwisho nililomwambia Zamoyoni baada ya miaka yote ile ni "kipo".

Nikasimama. Nikaenda kwenye dirisha kwa kupita katikati ya vitu, na kilichonizuia nilikiondoa. Nilivuta baiskeli ikakatika vipande viwili. Nilikanyaga vioo. Lile dirisha lilikuwa la mbao, halikuwa na nondo, kwa sababu nondo zake zilikuwa humo humo chumbani zikimsubiri fundi. Nikalipiga teke likafunguka, na mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwa umeingia siku nyingi. Kisha nikaanza kutupa nje kila kilichokuwa kati yangu na lile tundu. Nikatupa mafeni, matairi, betri, pampu, milango ya kabati, bomba langu zuri. Sikupanga mafungu. Sikufikiria kitu hata kimoja. Kama Zamoyoni angekuwepo kuona namna nilivyokuwa nafanya kazi, asingeamini.

Wale wanawake nje waliona dirisha limepasuka lenyewe na tairi limetoka likibingirika kuelekea kwenye wali. Wakakimbia. Alibaki Mama Noela peke yake, ameshika mwiko kama rungu. Nikatoka kwa kichwa, nikaangukia kwenye rundo langu mwenyewe, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi miguu, na utando wa buibui umenifunika uso kama shela ya bi harusi.

Mama Noela alininyooshea mwiko. "Bebe," akasema polepole kwa Kisukuma chake, yaani wewe. "Si ulikuwa umeenda Geita?"

Nilikuwa nalia, sikuweza kumjibu. Nikauliza mke wangu amefariki saa ngapi. Mihayo akaja mbio na wanaume wengine, wakanishika, wakaniketisha, wakanipa pole. Nikawauliza tena, amefariki saa ngapi na nini kilimpata.

"Mzee," Mihayo akasema, "hilo sisi tulitaka tulisikie kutoka kwako."

Nikamwambia mimi nimelisikia kutoka kwake, sasa hivi, nikiwa ndani. Akasema yeye ameambiwa na Mama Noela. Mama Noela akasema yeye hakumwambia mtu kuwa kuna maiti, alichofanya ni kupiga picha viti, mikeka na turubai na kuituma kwenye kundi la simu la mtaa akiuliza kwa Mzee Stoo kuna nini, na watu wenyewe wakajibu pole. Wamejua mimi siko, kwa kuwa nimeitwa mlangoni sikuitika. Wamejua mke wangu yuko Geita kwa mzazi. Wakajumlisha. Tukarudi nyuma hivyo, mtu kwa mtu, tukimtafuta aliyeleta habari ya kifo, tukafika kwenye makochi yangu tukaishia hapo.

Wakati ule ule simu ikaita mbele ya nyumba. Ilikuwa imeita asubuhi nzima, na kila aliyekaa pale kwenye kochi alidhani ni ya mwenzake, akaona haya kumwambia aizime. Mtu akaitoa chini ya mto akaniletea. Jina lililoandikwa kwenye kioo ni Mama Amira. Nilikosea kitufe mara mbili, Mihayo akanibonyezea.

"Nani mwenzangu?" sauti ikauliza. Ilikuwa imekwaruza kwa kulia.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Swaleh."

Akauliza, kwa uangalifu, Swaleh gani.

"Wako," nikasema.

Nilimsikia akiketi. Nilisikia kiti. Ikabainika baadaye kwamba Mihayo alikuwa amempigia Amira kumpa pole ya msiba wa nyumbani, mtandao ukakatika kabla hajasema marehemu ni nani. Amira alimwona mama yake yuko pale pale jikoni anakoroga uji wa mzazi, kwa hiyo hesabu yao ikaja kwangu. Wakanipigia sipokei. Wakaanza kufunga mizigo.

"Kwa hiyo hujafa," Zamoyoni akasema.

"Sijafa. Na wewe?"

"Mimi naongea na wewe." Akavuta pumzi. "Sasa aliyekufa ni nani?"

Nikawatazama wale watu wote waliokuwa wamenizunguka na khanga zao za msibani. Nikamwambia mpaka sasa hajapatikana.

Sikumsikia akicheka, alikata simu. Lakini mimi nilicheka, halafu nikalia tena, halafu Mama Noela akanipa maji, na wanawake wakarudi mmoja mmoja kuangalia kama wali haujaungua.

Wali ulikuwa umeshaiva, watu wameshajaa, na imamu alikuwa yuko njiani. Alipofika akaelezwa. Ni mtu mpole, hakunisema. Alisema kusanyiko la watu waliotoka makwao kwa ajili ya jirani yao haliharibiki kwa kukosa maiti, akaomba dua ya shukrani na ya afya ya mjukuu, tukala. Nilikula kwa aibu, lakini nilikula sana.

Baada ya kula ndipo watu walipoanza kutembea uchochoroni na kuangalia nilivyotupa. Na kila mmoja akaanza kuvitambua vya kwake. Mama Noela aliyaona masufuria yake, akayachukua bila kuniuliza. Mihayo alivikuta viti vyake. Watu walichukua ngazi, mabeseni, jembe, redio, vitu ambavyo nilikuwa nimeshaanza kuvihesabu kuwa ndugu zangu. Alasiri Bujiku akafika kwa bodaboda kutoka Kolandoto, amevaa suti nyeusi katika lile joto, maana kwao habari ilifika kwamba aliyekufa ni mimi, akanikuta nimeketi mzima kwenye kochi. Alinikumbatia, akalia, akanitukana, kisha akaingia chumbani kupitia dirishani akapiga magoti na suti yake, akaanza kuokota gololi.

Vilivyobaki vilikuwa vyangu peke yangu, na nikaona sasa watu wametulia naweza kuanza kuvirudisha ndani taratibu. Niliinuka. Mihayo akaniambia niketi. Alisema, kwa ile sauti yake ya mikutano, kwamba mtaa umelia, umechangia kuni na mchele, na hautakubali kulia tena mwakani kwa sababu ya mafeni. Akamwita yule mnunuzi wa chuma chakavu. Kila kipande kilipowekwa kwenye toroli nilitaka kusema neno juu ya matumizi yake, na kila nilipofungua mdomo Mama Noela, aliyekuwa ameketi karibu yangu na mwiko wake, alinitazama. Toroli liliondoka, likarudi, likaondoka tena. Vijana wakafagia chumba, wakamwaga maji, na sakafu ikaonekana. Ilikuwa nyekundu. Nilikuwa nimesahau kwamba tuliipaka rangi.

Zamoyoni na Amira walifika kesho yake kwa basi la kupitia Kahama. Niliwapokea stendi nikiwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, nikabeba mizigo yote, nikambeba na mjukuu kama vile naye nimemtoa stoo. Njiani Zamoyoni alikuwa ubavuni kwangu. Alinitazama tu mara kwa mara, akanishika mkono wa kanzu, akauachia.

Nyumbani alisalimia majirani, akapokea pole ambazo wenyewe hawakujua wanampa za nini, kisha akaenda moja kwa moja uani. Nikamfuata. Alisimama katikati ya kile chumba kitupu. Akazunguka polepole. Akaenda dirishani, akagusa ubao uliovunjika, akatazama nje kwenye ua wa Mama Noela.

"Hili dirisha lilikuwepo siku zote?" akauliza.

Nikamwambia lilikuwepo.

Akaketi chini, pale pale sakafuni, akanyoosha miguu yake iliyovimba kwa safari. Nami nikaketi. Upepo ulikuwa unaingia. Nilingoja aniulize juu ya simu niliyomkatia, au juu ya makochi yake ambayo yalikuwa yamekaliwa na watu wengi hadi springi zikasalimu amri.

"Pale Geita nilipodhani umekufa," akasema, "nilikusamehe yote. Nilikaa na uji mkononi nikakusamehe kila kitu, kimoja kimoja, hata hiki chumba." Akageuza uso akanitazama vizuri, kama anavyonitazama akinunua samaki. "Sasa itabidi nianze upya."

Nikamwambia nipo, aanze anapotaka. Akaegemeza kichwa begani kwangu, jambo ambalo si desturi yetu mchana, na tukakaa hivyo mpaka Amira alipokuja na mtoto kuuliza alale wapi.

Sitasema nimebadilika. Wiki hiyo hiyo niliokota nati barabarani karibu na msikiti, nati nzuri, mpya kabisa. Zamoyoni aliiona mfukoni wakati anafua, akaiweka mezani mbele yangu wakati wa chakula cha jioni, kando ya ugali. Kesho yake niliirudisha nilikoiokota, nikaiweka pale pale, na nikaangalia pande zote kwanza kama kuna mtu ananiona.

Kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama tulimfanyia mjukuu akika. Tukachinja mbuzi, tukatoa viti nje, tukatandika mikeka, tukakodi turubai la maana. Asubuhi ile simu yangu haikupumzika. Alianza Mihayo, akafuata Bujiku, wakafuata wengine wengi, na wote walikuwa na swali moja, kama hii ni sherehe kweli. Niliwajibu kwamba ni sherehe, waje na njaa. Mama Noela hakupiga simu. Aliona viti, akaja mwenyewe, akaingia hadi chumba cha uani akamkuta mtoto amelala na wenye nyumba wote wawili wamesimama juu yake wakibishana amefanana na nani. Akatuhesabu kwa kidole, akasema basi, akaenda kuwasha moto.